Inua Mkono, Atageuka

Gauni lilikuwa mezani, limelazwa kifudifudi kama mtoto anayepakwa mafuta mgongoni, na Tinda alikuwa akilipiga picha mshono kwa mshono. Chai yake ilipoa pembeni. Mteja alikuwa ameagiza kwamba gauni lisiguswe na mkono wenye mafuta, kwa hiyo Tinda alikuwa bado hajala chochote, na tumbo lilikuwa likimsemesha.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Dirisha la duka la mteja lingewekwa skrini ndefu kama mlango. Ndani yake angesimama mtu wa kompyuta, asiye na sura, amevaa gauni. Mpita njia angekanyaga alama iliyochorwa nje, ainue mkono, na yule mtu ageuke. Mkono wa kulia, anageukia kulia. Mkono wa kushoto, kushoto. Mikono yote miwili juu, gauni linabadili rangi.

"Watu wanapenda kuamrisha," mteja alisema siku ya kwanza. Alikuwa mbunifu wa mavazi mwenye jina kubwa, na kila mtu alimwita Madam. "Wape kitu cha kuamrisha, kesho watarudi na ndugu zao."

Tinda hakuwa mgeni wa gauni zile. Dada yake alizivaa zote kabla hazijavaliwa na mtu mwingine. Kazi ya Dada kwa Madam ilikuwa kusimama. Alipanda juu ya kibao kifupi, akazungushiwa kitambaa ambacho hakijashonwa, kikashikwa kwa pini kuanzia shingoni hadi miguuni, na Madam akamzunguka akikata na kubana. Sheria ilikuwa moja tu: aliyesimama hashuki mpaka Madam aseme "Shuka." Akishuka kwa hiari yake pini zinafyatuka na kitambaa kinaharibika.

Siku moja Madam alitoka kupokea simu, na simu ikamsahaulisha. Dada alisimama mchana kutwa. Jua lilipozama mafundi walimbeba juu kwa juu, kama kabati, wakamweka chini. Alifika nyumbani miguu imevimba kama mito ya kulalia. Mama akamwekea beseni la maji ya moto yenye chumvi, kama alivyozoea. Kabla wiki haijaisha damu iliyoganda mguuni ilipanda hadi kifuani, wakamzika. Madam alituma shada kubwa lenye utepe wa hariri.

Alipojua kwamba mtengenezaji wa tangazo lake ni mdogo wa marehemu, Madam alifurahi. Alisema ni vizuri kazi ikibaki ndani ya familia.

Tatizo lilikuwa bega. Programu ilikuwa na tabia ya kunyoosha kila mwili, upande huu ulingane na upande ule. Tinda alipomvalisha yule mtu wa kompyuta, gauni liliteleza begani, likaanguka na kulundikana miguuni pake. Alimvalisha upya. Likaanguka tena.

"Linamkataa," alisema Nyaya, mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna waya uliowahi kumshinda. "Hata ningekuwa mimi ningekataa. Mtu hana macho, hana pua, anivae ili iweje?"

Tinda alijua la kufanya, ila mkono ulikuwa mzito. Bega la kushoto la Dada lilikuwa limelala. Lililala kwa sababu Mama alikuwa akifua nguo za hospitali zamu mbili, na Dada, meno ya utotoni hayajamalizika kung'oka, ndiye aliyembeba Tinda upande huo kutwa kucha. "Ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji," Dada alizoea kumwambia, "na kutembea hutaki, unanitazama tu." Madam alikata gauni zake zote juu ya bega hilo. Magazeti yaliuita mkato wa bega linalosinzia, yakasema ni kipaji cha Madam. Kumbe ulikuwa uzito wa Tinda.

Akashika kipanya, akalishusha bega la yule mtu taratibu, hadi pale alipokuwa akilazia shavu lake zamani. Gauni likatulia. Halikuteleza tena.

Asubuhi iliyofuata alipowasha kompyuta, Dada alikuwa ndani. Alikuwa na sura yake yote, na kovu la pasi kwenye kiganja.

"Umelala salama?" Dada aliuliza. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo, ikakwaruza kidogo.

"Nimelala."

"Mama je?"

"Hajambo. Analalamikia magoti."

"Madam amemaliza simu?"

Nyaya alizungusha kiti chake, akachungulia.

"Huyu ndiye dada'ako?"

"Ndiye."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Toa hicho kikombe karibu na gauni."

Nyaya akakitoa.

Madam alikuja kukagua kazi baada ya saa sita. Alivaa miwani, akasogea hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Amekonda kiunoni," alisema.

"Nadhani ni kawaida ya marehemu," alisema Nyaya.

"Tutabana. Bega liko palepale, hilo ndilo nililotaka."

"Madam," Tinda alisema, "anasubiri umwambie ashuke."

"Atashuka. Msimu uishe kwanza. Akishuka sasa, watu watageuza nini?"

Dirisha likafunguliwa mwanzo wa msimu. Kwenye kioo waliandika kwa herufi nyeupe: INUA MKONO, ATAGEUKA. Watu walijipanga hadi kona ya pili. Walikuja wenye haraka wakasahau haraka zao. Walikuja wachumba, wakamgeuza Dada kwa zamu. Watoto waliotoka shule walimgeuza kulia na kushoto hadi mabegi yakawaponyoka. Mawingu yalipopita juu ya mji, vivuli vyake vilipita pia juu ya gauni, na siku za mvua pindo lililowana upande wa ndani wa kioo. Jioni, rangi ya gauni ilikuwa ikiondoka polepole kama mtu anayesinzia, kisha inarudi. Aliyesimama karibu alisikia harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Skrini ya dirishani haikuwa na spika. Dada aliongea kwenye kompyuta ya Tinda tu, na alichouliza kilikuwa kilekile.

Mama alipopata habari hakupiga kelele. Alichukua beseni, akajaza chupa ya chai maji ya moto yenye chumvi, akaenda. Mlinzi wa duka alimpa kiti chake mwenyewe na kumwekea karibu na dirisha, penye kivuli.

"Ni binti yako?" mlinzi aliuliza.

"Wa kwanza."

"Anasimama vizuri."

"Alianza kusimama mapema," Mama alisema. "Kabla hata ya mwaka." Akamimina maji kwenye beseni, akaliweka chini ya kioo, akaita, "Shuka, mwanangu. Miguu imejaa."

Dada alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama afanyavyo mtu mwenye pini shingoni. Mama akaelewa. Neno halikuwa lake.

Tinda alijaribu njia alizozijua. Aliifunga programu. Aliiondoa kabisa kwenye kompyuta. Mwisho alimwomba Nyaya achomoe waya wa dirisha. Skrini ikawa nyeusi, na Dada akabaki amesimama ndani ya weusi ule, gauni likitoa mwanga wake lenyewe. Meneja wa duka alishukuru kwa umeme uliookolewa.

Ndipo Tinda alipopiga moyo konde, akapanda hadi chumba cha Madam. Kibao kilikuwa bado pale katikati, kimefutwa vumbi.

"Sikuja kudai kitu, Madam. Ni neno moja tu."

"Unadhani mimi ni jiwe?" Madam alisema. Alivua miwani, akajifuta macho, na macho yalikuwa na machozi kweli. "Sijawahi kupata mwingine kama yeye. Wengine wote wanatikisika. Nenda umwambie mama yako, leo jioni nitashuka mwenyewe nimwambie."

Habari zilienea. Jioni ile watu walikuwa wengi, ila hakuna aliyeinua mkono. Mama alikuwa na maji mapya, mvuke ukipanda hadi kwenye herufi nyeupe. Taulo lilikuwa begani mwake. Madam alitoka dukani, watu wakampisha, akakanyaga alama.

Dada alimwona. Alikusanya pindo la gauni kwa mkono mmoja, akanyoosha mguu mmoja mbele, taratibu, kama anayetafuta ngazi gizani. Mguu ulikuwa umevimba. Tinda alishika taulo upande mmoja, Mama upande mwingine.

Madam alifungua mdomo. Kisha akainamisha kichwa kidogo upande, akakunja jicho moja, na vidole vyake vikapanda vyenyewe hadi midomoni, pale alipozoea kushikilia pini. Akakaa hivyo.

"Geuka," alisema.

Dada akaurudisha mguu. Akageuka.

"Tena. Polepole." Madam akamwangalia mpaka mwisho wa mzunguko. "Pindo lipande kidogo upande wa nyuma," alisema, si kwa mtu yeyote hasa, akaingia ndani haraka kabla wazo halijamtoka. Watu walimsubiri kwa muda. Hakurudi.

Mama aliingiza kidole kwenye beseni. Maji yalikuwa yamekuwa vuguvugu. Aliyamwaga kwenye shina la mti wa barabarani, akalifuta beseni kwa lile taulo.

"Kesho nitaleta ya moto zaidi," alisema.

Mlinzi akamshika mkono kumvusha barabara.

Tinda alibaki. Alikwenda kusimama juu ya alama, akashusha mikono yote miwili, akaibana mapajani. Akiwa pale hakuna mwingine aliyeweza kukanyaga, na mikono yake haikuagiza kitu. Ndani ya kioo Dada naye alishusha mikono. Gauni likaacha kubadilika. Bega la kushoto likalala zaidi, kama lina mtu. Walikaa hivyo, wakitazamana, taa za barabarani zikiwaka moja moja.

"Samahani," mtu mmoja nyuma alisema kwa adabu, "utachukua muda? Nimekuja na wanangu. Na wao wanataka kumgeuza."

Tinda akasogea.