Bolti Mbili za Kiroboto

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba uliolowesha vioo, kisha saa mbili jua likatoka, ila upepo ulibaki wa baridi.

Hali ya hewa naitaja kwa sababu gari langu halipendi unyevu. Nilichomoa plagi moja moja, nikazikausha kwa kitambaa, nikazirudisha, nikainamisha kichwa na kuomba. Niliomba mambo mawili: gari liwake, na nisimwaibishe mtu siku hiyo. Gari liliwaka mara ya tatu. Nikasema asante.

Gari lenyewe ni la viti viwili, refu mbele, fupi nyuma, limelala chini kama linasikiliza ardhi. Paa lake ni turubai la kukunja. Mume wangu aliliita Kiroboto, kwa kuwa ni dogo na ukiachia klachi kwa pupa linaruka. Yeye alikuwa fundi wa injini. Alilikuta nyuma ya ghala moja, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, na mwenye ghala akamwambia, "Chukua, ila mayai uniachie." Tulikaa nalo miaka sita. Yeye alishughulika na injini, mimi viti na turubai, maana kazi yangu ni kushona viti vya magari.

Lilipokamilika, mume wangu alizunguka nalo mtaa mara moja, akarudi, akashuka, akaniambia, "Sasa zamu yako."

Nilicheka. Mguu wangu wa kushoto uliliwa na polio nikiwa na miaka minne. Unanisaidia kusimama, lakini hauwezi kukanyaga klachi. Yeye hakucheka. Alichukua mkono wa breki kutoka kwenye baiskeli yangu ya zamani, ile ya magurudumu matatu ninayoizungusha kwa mikono, akaufunga kwenye fimbo ya gia. Kutoka hapo akapitisha waya mnene hadi chini, na huko akaweka springi ya kusaidia kuvuta. Ukibana mkono huo kwa vidole vinne, klachi inashuka. Kiganja kilekile kinabadili gia. Hakutoboa tundu hata moja. Aliufunga kwa vibano viwili na bolti mbili. "Siku mguu ukiota tena," aliniambia, "tunafungua bolti mbili, na gari halitajua."

Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mguu haujaota.

Katika mji wetu kuna chama cha wenye magari ya zamani. Kila mwaka wanakusanyika kwenye uwanja wa chuo cha ufundi, magari yanakaguliwa, na yale yanayoitwa asili yanapewa kibao kidogo cha shaba, kisha yanapita mjini kwa msafara. Mume wangu alikitamani sana kibao hicho. Hakuwahi kujaza fomu. Alikuwa anasema wino si grisi, haumtii. Mimi wakati huo nilikuwa sijui kuandika zaidi ya jina langu na vipimo vya ngozi. Lakini sasa nina mwaka wa pili katika darasa la jioni, kwa hiyo fomu niliijaza mwenyewe, siku tatu, kwa mwandiko wa polepole.

Swali la saba liliuliza: "Je, gari limefanyiwa mabadiliko yoyote?" Waliacha nafasi ya mstari mmoja. Mwalimu wetu ametufundisha kujibu kwa sentensi kamili na kutoa sababu. Mstari haukutosha, nikaambatanisha karatasi mbili.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alinisindikiza. Tulipokaribia chuo aliniuliza, "Shemeji, swali la saba umeandika nini?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote."

Akashika kichwa. "Mungu wangu. Shemeji, ile ni fomu, si maungamo!"

"Wameuliza, nimejibu."

"Wote wanaandika Hapana. Hata aliyebadilisha gari zima akabaki na honi tu, anaandika Hapana."

"Basi honi yake itamsuta," nikasema, nikabana mkono, nikaingiza gia ya pili, tukakata kona ya lango.

Uwanjani palikuwa na magari kumi na moja pamoja na langu. Mkaguzi, fundi mstaafu mwenye ovaroli safi, alikuwa akipita kwa kila gari na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi. Sumaku ikishika, chini ya rangi ni bati. Ikiteleza, chini kuna pati, yaani mtu ameziba kutu kwa unga na kupaka rangi juu. Kwa Kiroboto sumaku ilishika kila mahali, mpaka akaanza kutabasamu. Alilala chini akachungulia tumboni mwa gari, akainuka akipangusa magoti.

"Mmelitunza," alisema. Kisha akaona fimbo ya gia. "Na hii?"

"Ni klachi yangu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Aliyekuja kuzungumza ni mwenyekiti wa chama. Huyo watu humwita Asili, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Hata chai yake, wanasema, anataka ya asili. Ana gari jekundu la viti viwili linalong'aa kama jino jipya. Alikuja na fomu yangu mkononi, akaanza kuisoma kwa sauti, na watu wakasogea.

"'Ndiyo, limefanyiwa mabadiliko. Nimebadilisha uzi wa viti kwa sababu wa zamani ulioza. Balbu ya taa ya kushoto ni mpya kwa sababu ya zamani iliungua. Mpira wa waipa ya kioo ulitafunwa na panya...'" Akainua karatasi juu. "Jamani, kurasa mbili! Mama, hili gari au cherehani?"

Wakacheka. "Cherehani haimwachi mtu njiani," nikamjibu, nao wakacheka zaidi, hata yeye.

Kisha akaufikia mkono wa klachi, akaacha kucheka.

"Hapa ndipo penye shida. Kiwanda hakikutoa kitu hiki. Haya ni mabadiliko, na gari lenye mabadiliko haliingii msafarani." Alishusha sauti, akawa kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Lakini sisi si wakatili, mama. Nimeangalia, ni bolti mbili tu. Shemeji yako aufungue, aendeshe yeye, wewe ukae pembeni kama malkia. Nakupa fomu nyingine. Swali la saba unaandika Hapana, unapata kibao, mambo yamekwisha."

Nilimtazama shemeji. Spana ilikuwa mkononi mwake tayari.

"Namba kumi na tatu," alisema kwa unyonge. "Dakika tano, shemeji. Jioni narudisha. Kaka angefurahi kukiona hicho kibao, wewe unajua."

Nilijua, na ndicho kilichoniuma. Nilimwomba kila mtu anipishe kidogo, nikaingia garini, nikaweka paji la uso juu ya usukani. Sitadanganya, nilikitaka kibao. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kukipigilia. Nilimwuliza Mungu kama ni kiburi kukataa jambo la bolti mbili. Sikusikia sauti yoyote. Nilipofumbua macho niliona tu mkono wa baiskeli, nikeli yake, ile inayong'arisha chuma, imeisha pale vidole vyangu vinne vinapokaa, imeisha kama kizingiti cha mlango wa watu wengi. Nikafikiri: gari hili limenibeba kwenda sokoni, dukani kwangu, hospitali aliko­lazwa mume wangu, darasani. Katika safari zote hizo sijawahi kukaa pembeni. Na leo, siku ya kulisifu, ndiyo nikae pembeni? Na niandike Hapana, mimi niliyejifunza kuandika nikiwa na wajukuu?

Nikashuka.

"Mwenyekiti, nina swali. Viti vya gari lako ni vya kiwandani?"

"Vya kiwandani," alisema haraka. "Ngozi ileile. Asili."

Miaka minne nyuma, viti hivyo vililetwa dukani kwangu vikiwa vimefungwa kwenye shuka. Aliyevileta alikuwa yeye mwenyewe, akasema ni vya rafiki. Ngozi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilivivua, nikavivisha upya. Na mimi nina desturi yangu ya kazi: kila kiti ninachokimaliza, chini yake, mahali pasipoonekana, naweka mishono mitatu ya uzi mwekundu. Mkaguzi angekigeuza kiti kile, mambo yangekwisha. Ulimi uliniwasha. Nilikumbuka niliyoyaomba asubuhi, nikaumeza.

"Sawa," nikasema. "Sasa nisikilizeni nyote. Katika uwanja huu nimehesabu magari sita, mbali na langu, ambayo viti vyake nimevishona mimi. Sitasema ni yapi. Chini ya kila kiti changu kuna mishono mitatu myekundu, na mwenye gari anajijua. Wala sioni ubaya. Ngozi huoza, na dereva lazima akae. Tairi zenu ni mpya, na mmefanya vyema, la sivyo leo tungekuwa msibani."

Mtu mmoja akakohoa.

"Lakini niambieni. Kiti kipya ni asili kwa kuwa makalio yenu yote yanafanana. Mkono wangu unaitwa mabadiliko kwa kuwa mguu wangu haufanani na yenu. Basi hapa halikaguliwi gari. Nakaguliwa mimi. Na mimi sikujaza fomu ya kukaguliwa."

Turubai langu lilikuwa likipigwa na upepo. Mwenyekiti alikuwa amesogea, amesimama ameuegemea mlango wa gari lake, kama mtu aliyezuia mbuzi asitoke.

Aliyejitokeza ni daktari wa meno, mzee mrefu mwenye gari la kijani. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akapapasa, akainama kuchungulia, akaanza kucheka peke yake.

"Myekundu," alisema. "Mitatu! Mama, si nilikuletea mwenyewe mchana kweupe? Na bado niliandika Hapana. Mimi, ninayewakemea watu kila siku wasinidanganye kuhusu kupiga mswaki!" Akasimama. "Nirudishieni fomu yangu."

Nilitazama wale wengine watano. Mmoja alikuwa anafuta kioo kilichokwisha kuwa safi. Mwingine ghafla alikuwa na simu ya kupokea. Hakuna aliyepapasa chini ya kiti.

Mwenyekiti alimgeukia mkaguzi. "Wewe unasemaje?"

"Mimi naandika ninachokiona," mkaguzi alisema. "Bodi ni bati tupu. Hakuna tundu lililotobolewa. Mkono umefungwa kwa vibano, vizuri kuliko kazi nyingi nilizoziona leo. Kama hayo ni makosa, andika wewe."

"Sheria ni sheria," mwenyekiti alisema, ingawa sasa hakunitazama. Alichukua kalamu akaandika juu ya fomu yangu, akanirudishia. Nilisoma mwenyewe, pale pale, bila kuomba msaada wa mtu: *Haliruhusiwi msafarani. Limebadilishwa.* Mwandiko wake si mzuri kushinda wangu.

"Pole, mama," aliongeza. "Na mwakani usijisumbue."

Nikakunja fomu, nikaiweka kwenye pochi. Nilipogeuka nilimkuta shemeji amechuchumaa ndani ya mlango wa Kiroboto na spana yake namba kumi na tatu.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Zilikuwa zimelegea kidogo," alisema. Alikaza bolti ya kwanza robo mzunguko, akakaza ya pili, akautikisa mkono kuona kama unacheza. Haukucheza. Akaitupia spana nyuma ya kiti, akazunguka upande wa abiria, akaingia, akafunga mlango na kukunja mikono kama mtu anayesubiri dereva wake.

Daktari wa meno akapiga honi mara moja. Mkaguzi alikuwa bado amesimama karibu na daftari lake. Sikuingia garini mara moja. Niliweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa bado na joto, nikasema kwa sauti ya kufika hadi langoni:

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote, shemeji yangu akiwa shahidi: mwakani, siku kama ya leo, nitajisumbua. Nitakuja na Kiroboto, mkono ukiwa mahali pake, na nitaliendesha mimi. Fomu nitaijaza mimi, na kwenye swali la saba nitaandika Ndiyo. Mkinikataa, nitakuja mwaka utakaofuata, na ule wa baada yake, na karatasi nitaongeza. Bolti hizi mbili hazifunguliwi nikiwa hai."