Zamu ya Shamba la Mwisho

Vitunguu vya Fundi vilibakiza kunyweshwa mara moja tu, na leo ndiyo zamu yake, lakini mfereji ulikuwa mkavu kama kikaango. Akatupa jembe begani, akaufuata mfereji kuelekea juu, ulimi umeshanolewa.

Alijua pa kwenda. Shamba la kwanza, pale maji yanapoingilia, ni la shemeji yake Kijiti, mdogo wa marehemu mumewe. Enzi zile Kijiti aliyaziba maji yote yaishie kwake, na Fundi, mwenye shamba la mwisho, akaambulia vumbi. Ndiyo maana alishona viraka vya suruali za watu hadi macho yakamuuma. Waligombania maji hayohayo hadi kwenye mazishi ya mumewe, na tangu siku hiyo Kijiti hajakanyaga kwa Fundi.

Kisha wakulima wakaunda ushirika: maji kwa zamu, mazao yanauzwa pamoja, lori moja. Misimu miwili tu, Fundi akaezeka bati, binti akaingia chuo, cherehani ikafunikwa kitambaa. Vitunguu vikifa sasa, binti anarudi nyumbani na mama anarudi kwenye viraka.

"Leo atanitambua," alinung'unika. Matusi alishayapanga, kuanzia madogo.

Alipofika, akalishusha jembe chini. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka, maji yanamwagikia shambani kwa Kijiti, na Kijiti mwenyewe kaketi kwenye tundu, matope hadi kifuani, anajaribu kuliziba kwa mgongo. Maji yalimpita kushoto na kulia kana kwamba hayupo.

"Shemeji, usinisimamie hapo kama mgeni," alisema, meno yakigongana. "Wenzetu wamefuata magunia ya mchanga."

"Si ungeyaacha tu? Yanaingia kwako."

"Nyanya zangu zilishakunywa juzi. Na lori halipakii nusu. Vitunguu vyako vikifa haliji, na mimi nyanya nimuuzie nani? Kwa hiyo usinishukuru."

Kumshukuru hakukuwamo kabisa katika mipango ya Fundi. Lakini kumwona mtu mwembamba vile akijifanya ukuta, kicheko kilimtoka bila ruhusa.

"Hebu toka. Kazi hiyo inataka mwili."

Akavua viatu, akaketi, tundu likajaa. Maji yakasita, yakageuka, yakaanza kuteremka mferejini.

"Kweli kaka alijua kuchagua," Kijiti akasema.

Baada ya muda sauti ya jirani ikapanda kutoka bondeni: maji yamefika kwa Fundi. Fundi akataka kuinuka. "Nani atayagawa kwenye majaruba? Yatapotea yote."

"Kaa hapohapo." Kijiti akaokota jembe la shemeji yake, halafu akasita. "Lile jaruba la kwanza, bado liko vile kaka alivyolichimba?"

"Vilevile. Sijaligusa."

Kijiti akajipangusa uso kwa mkono uliojaa tope, akashika njia ya bondeni. Fundi, baridi ikimpanda kiunoni, alimsindikiza kwa macho mpaka alipoingia kwenye shamba la mwisho.