Mwenye Blanketi Hashiki Sindano

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao. Wateja wangu wanalijua hilo. Ukiniletea suruali ya kupunguza ukasema "fundi, naipitia kesho asubuhi," nitakuuliza kama umeona hapa nina cherehani au nina mashetani. Kwa hiyo msinishangae kwa nitakayoyasema juu ya dada yangu. Nampenda, na mwenyewe ameshayasikia yote.

Mama yetu alikuwa akishona mablanketi ya viraka. Si ya kuuza, thubutu! Yalikuwa ya familia tu. Mtu akioa au akiolewa, anapewa lake. Viraka vilitoka kwenye nguo za watu wa nyumbani: mashati ya Baba, sare za shule zilizotubana, pazia la jikoni, gauni alilovaa shangazi siku aliyoteleza mbele ya wakwe. Na kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, katikati kabisa Mama aliacha tundu la mraba, na tundu hilo lilizibwa mwisho, kwa kipande cha mbeleko iliyombeba mwenye blanketi alipokuwa mchanga. La pili, mwenye blanketi hashiki sindano. Hashoni, hatungi uzi, hata fundo hakazi. Ukishashika, blanketi si lako tena. Kaka yetu, dereva wa malori, aliwahi kujifanya msaidizi, akapiga mishono miwili mitatu kwenye pindo la blanketi lake. Mama alilichukua akampa binamu, na Kaka akasubiri jingine lianzwe upya.

"Ukijishonea mwenyewe hiyo ni kazi," Mama alisema. "Blanketi ni kufunikwa na wenzako."

Dada alipata lake. Kaka, baada ya adhabu, alipata lake. Mimi ni kitindamimba, sikuolewa, sikupata. Ndimi niliyebaki na Mama, vyumba vyetu vinatazamana, nikamsugua magoti kwa mafuta kila jioni mpaka alipofariki mwaka jana. Mablanketi ya ukoo mzima niliyaona yakizaliwa juu ya meza yetu ya chakula, na la kwangu sikuliona. Kuuliza huwezi, ni aibu. Nikawa najiambia, ah, mimi fundi bwana, vitambaa nilivyonavyo vinaweza kufunika mtaa mzima, blanketi la nini? Kisebusebu na kiroho papo. Nililitaka blanketi lile. Kuna siku nilimkunjia Mama blanketi la binamu na kifua kikaniuma kweli, nikasingizia mafua.

Na kingine kiliniuma. Kila Jumamosi Mama alikuwa akivaa viatu vyake vya kutokea na kwenda kwa Dada kushinda. Nikimuuliza kuna nini huko, ananijibu, "Naenda kuupumzisha mwili na mdomo wako." Alikuwa akicheka. Mimi nilicheka naye, akishafunga mlango sicheki tena.

Basi, mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yake, Dada akaingia kiwandani kwangu, yaani kile chumba changu kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Amekumbatia gunia la unga.

"Kitinda, hata shikamoo siku hizi hakuna?"

"Shikamoo, Dada. Umebeba nini hicho, maiti?"

"Marahaba. Na mdomo wako uukomeshe." Akalimimina gunia juu ya meza.

Lilikuwa blanketi. Upande wa juu tu, bado halijawekwa pamba wala bitana, na katikati kuna tundu la mraba. Sikuhitaji kuambiwa limeshonwa na nani. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto, na mishono yake yote ililala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Nimelitoa chini ya kitanda cha wageni," Dada akasema. "Si ndilo alilokuwa akilishona Jumamosi zote zile kwangu? Nilijua ni la mwanangu, nikanyamaza, masharti unayajua. Sasa Mama hayupo, harusi imefika, na mimi sindano ninayoijua ni ya hospitali. Limalizie." Akatoa kwenye mkoba kitambaa cha bluu chenye maua madogo meupe, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini. "Mbeleko yake hii. Ziba katikati."

Nilitaka kusema, na la kwangu je? Mdomo huu wote mnaousikia, siku hiyo ukakauka. Nikasema, "Acha hapo, nitaliona."

Nikalifanya, tena kwa mkono, cherehani sikuigusa. Nilitandika bitana, juu yake pamba, juu yake viraka vya Mama, nikabana kwa pini, nikaanza kushonelea tabaka zote tatu. Kila kiraka kilinisimamisha. Hili shati la mistari Baba alilivaa akienda kuomba kazi, akarudi nalo limelowa jasho na kazi amepata. Hiki kipande cha pazia kina alama ya pasi, na pasi niliishika mimi, na Mama hakunipiga, alisema tu pazia sasa lina jicho. Mshono wake unalala kushoto, wangu unalala kulia, inapita sambamba. Nilikuwa naongea naye, sioni haya kusema. Namwambia, Mama, hapa uliharakisha, uzi umelegea. Namwambia, Mama, ningependa hata dogo. Hata la miguu tu.

Nikaziba tundu la katikati kwa ile mbeleko, nikafika kwenye pindo. Ndipo binti wa Dada alipokuja kupima gauni lake la harusi. Ni muuguzi, mrefu, mpole, na ndiye pekee katika ukoo anayeniambia nipunguze chumvi nami nikamsikiliza. Akaliona blanketi mezani.

"Haa! Mama Mdogo, lile la Bibi! Limefika kwako?"

"Usilitazame," nikamwambia nikilifunika. "Ni lako, si vizuri kuliona kabla."

Akacheka. "Langu? Haiwezekani. Mimi ndiye niliyekuwa namtungia Bibi sindano. Macho yake si yalikuwa hayaoni tundu la sindano? Kila Jumamosi ananiita, 'njoo muuguzi wangu, nitungie,' natunga nyuzi, nazichomeka kwenye kimto chake cha sindano zimtoshe siku nzima. Viraka vingine nimemshonea mimi, hivi hapa vilivyopinda."

Nikakaa kwenye kigoda. Mama hakuwahi kumruhusu mwenye blanketi hata kuokota uzi. Kaka alinyang'anywa kwa mishono miwili mitatu, sembuse huyu aliyetunga nyuzi Jumamosi zote zile?

"Sasa la nani?" nikauliza.

Mtoto akanitazama kwa huruma, vile wauguzi wanavyotazama wagonjwa. "Mama Mdogo. Katika familia hii nani hana? Na kwa nini Bibi aende kulishonea kwetu, aache meza yake nzuri nyumbani? Alikuwa anamficha nani?"

Kumbe hakuwa anaukimbia mdomo wangu. Magoti yale mabovu yalikuwa yakipanda ngazi za Dada kila Jumamosi kwa ajili yangu. Nililia pale pale, na gauni la harusi nimelishika mkononi, mtoto akalichukua taratibu lisilowe.

Halafu nikakumbuka, na kilio kikakatika. Nilikuwa nimeshalishona. Pamba, bitana, katikati, karibu pindo lote. Mkono wangu ulikuwa kila mahali.

Dada akaingia katikati ya hayo, akapashwa habari, akawaka. "Mama alikuwa mtu mzima! Alisahau masharti!"

"Mama alisahau miwani," nikamwambia. "Alisahau sufuria motoni. Sharti hakusahau hata siku moja."

"Wakwe nimeshawaambia kuna blanketi la bibi yake linakuja! Maji nimeshayavulia nguo, Kitinda!"

"Basi yaoge. Lichukue. Mimi si nimeshalishika? Si langu, si la mwanao, mpe hata mlinzi wa geti."

"Mimi silitaki," binti yake akasema polepole. "Mama, nitalalaje chini yake nikijua ni la Mama Mdogo?"

Dada alisimama akiitazama ile mbeleko ya bluu pale katikati, akaitazama sana, uso ukabadilika. Nikadhani ni hasira. Akalikunja blanketi, akalisukumiza ndani ya gunia na pini zake, akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, haya, limekwenda. Sikulala vizuri wiki ile, na aliyeniletea nguo wiki ile alijuta.

Harusi ikafika. Gauni lilimkaa mtoto vile hata mimi mwenyewe nikajipongeza. Nilicheza, nikapiga vigelegele, nikabeba sinia za chakula. Blanketi sikuliona likitolewa, nikajua Dada amempa kimyakimya ndani. Nilijaribu kufurahi kwa niaba yake. Kidogo nilifurahi, kidogo niliumia, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

Haikupita muda mrefu, mchana wa jua kali, Dada akasukuma mlango wa kiwandani. Gunia lile lile. Vidole vyake vimefungwa plasta kama mtu aliyegombana na paka.

"Shikamoo, Dada. Umefanyaje mikono?"

"Marahaba. Kaa chini, halafu ufunge mdomo mpaka nimalize."

Nikakaa. Akalitandaza blanketi mezani.

Jamani, mimi nimeona kazi mbaya. Nimeona wanafunzi wangu wa siku ya kwanza. Lakini vile sijawahi. Mishono mingine mirefu kama kidole, mingine imerundikana, mafundo yametoka juu kama upele, na pindo linakwenda likirudi kama mlevi anayetafuta kwake. Mishono ya Mama ilikuwa palepale, imelala kushoto. Wangu haukuwepo. Hata mmoja.

"Tumeufumua wote," Dada akasema. "Mshono wako bwana ni mgumu, tumeufumua mpaka macho yakatutoka. Halafu tukashona upya. Pindo amelishona shemeji yako."

"Shemeji? Yule ambaye kifungo kikikatika anabadilisha shati?"

"Nilikwambia ufunge mdomo. Kaka yako amepiga upande huu akipumzisha lori. Mwanangu alimalizia kona kabla ya harusi, akaenda kwake bila blanketi, na wakwe nimewaambia ukweli, wakacheka, hawakuniua. Hapa katikati ni mimi."

Nikatazama katikati. Kilikuwa kitambaa kile kile cha bluu chenye maua meupe.

"Dada, hiyo ni mbeleko ya mwanao."

Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana. "Mama akienda kazini, wewe nani alikubeba? Natoka shule, naweka begi chini, anakufunga mgongoni kwangu kwa hicho, anaondoka. Nimecheza rede na wewe mgongoni. Nilipopata wangu nikambeba kwa hichohicho, maana nilikuwa nimekizoea. Nilivyokuletea siku ile nilisema ni cha mwanangu, na kweli ni chake. Lakini kilikuwa chako kwanza. Nilikuja kukumbuka hapa, nimesimama, na nikaona haya hata kukuaga." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa plasta. "Mama alinisubiri mimi nikilete, Kitinda. Angekitoa wapi kingine? Kilikuwa kabatini kwangu miaka yote."

Nikayatazama yale maua meupe.

"Lakini nilishalishika," nikasema.

"Ulishika ukidhani ni la mwenzako. Na ulichoshona tumekitoa. Mama akitaka kubisha, aje mwenyewe, nitafurahi kumwona."

Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu nikaona uzi mmoja mrefu unaning'inia pale kwenye mbeleko, haujakatwa, haujafichwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkasi. Ni kazi yangu, jamani, siwezi kuona uzi unaning'inia.

"Weee!" Dada akapiga kelele. "Ukigusa si lako!"

Nikaweka mikono nyuma kama mtoto. Akalinyanyua blanketi lile, joto lote lile la mchana, akanifunika nalo palepale kwenye kigoda, mabega na kichwa, akanibana kwa mikono yake kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Nilikuwa natoka jasho na sikutaka anifunue.

La binti yake nimelianza mimi, mezani kwetu pale pale alipokuwa akishonea Mama, na kipande cha mbeleko kilichobaki kinasubiri katikati. Langu liko kitandani kwangu. Ule uzi bado unaning'inia. Kila nikijifunika unanikera vidoleni, na mkasi uko hapo karibu, na sijaukata.