Kidoa cha Shavu la Kulia

Siku ya tisa ya kununiwa, dereva wa lori aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Breki alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaenda kwa fundi wa leza, anayechoma picha za watu kwenye mbao, kuiokoa ndoa yake.

Kosa lake halikuwa la kukusudia. Mkewe ana pacha. Wanafanana kuanzia unyayo hadi kikohozi, na kinachowatofautisha ni kidoa cheusi kimoja tu, kilichojikalia shavuni mwa mkewe. Basi Breki alirudi safari, akamkuta mwanamke jikoni amempa mgongo, akamkumbatia kwa nyuma na kumnong'oneza maneno yasiyofaa kuandikwa hapa. Alikuwa shemeji yake. Mkewe mwenyewe alikuwa mlangoni, ameshika ndoo.

Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani.

Fundi aliipokea picha ya mke, akaeleza kwamba leza haijui kivuli wala tabasamu. Inajua kuchoma na kuacha, basi. Kwa hiyo picha huvuliwa rangi zote ikabaki mistari. Jaribio la kwanza, kompyuta ilikigeuza kila kivuli kuwa mstari, na mke wa Breki akaota masharubu ya kuheshimika. Fundi akapunguza mistari. Masharubu yakaondoka. Kisha akabonyeza kitufe cha kufagia vumbi la picha, maana kila nukta inayobaki huchomwa kwenye ubao ikawa shimo.

"Kaka, angalia vizuri," alisema. "Ikishachoma, haifutiki."

Breki aliinama mbele ya kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Machozi yakamlengalenga.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe kabisa."

Nyumbani, mkewe aliutoa ubao kwenye gazeti, akautazama mbele, akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele. Kisha akatamka maneno yake ya kwanza kwa siku tisa.

"Dada yangu ametoka vizuri."

Breki alijitetea. Alieleza habari za leza, za mistari, na jinsi fundi alivyodhani ile nukta ni uchafu. Hapo kwenye uchafu alitamani kurudi nyuma, lakini alikuwa ameshapita.

Mkewe aliingia chumbani, akatoka na kalamu ya wino mzito, akampa. Kisha akaziba mashavu yote mawili kwa viganja.

"Miaka kumi na minane unaniangalia," alisema. "Haya, kiweke mahali pake."

Kulia au kushoto? Breki aliketi kwenye kochi. Akashika usukani usiokuwepo, akaingiza gia, akatoa lori taratibu, kisha akageuza shingo kumtazama mkewe, abiria wake wa kila Jumamosi. Na hapo akakiona, wazi kabisa, kwenye shavu lililomwelekea dereva. La kulia! Akainuka kama mshindi, akapachika kidoa upande wa kulia wa ubao.

Mkewe aliondoa viganja. Kidoa halisi kilikuwa shavu la kulia, vilevile alivyokumbuka. Lakini picha hutazamana na mtu: kulia kwake ni kushoto kwako. Kwenye ubao, Breki alikuwa amekibandika shavu la kushoto.

Mke alijaribu kuendelea kununa. Alibana midomo, akatazama dari, akakohoa. Kicheko kikamshinda, akaketi sakafuni.

"Tulikuwa wawili ukatuchanganya," alisema akijifuta machozi. "Sasa umetuletea wa tatu."

Ubao ukatundikwa sebuleni. Na mpaka leo Breki akikuta mwanamke jikoni kwake, husimama mbali, hukohoa, kisha humzunguka taratibu upande wa kulia kama anayekagua matairi. Akishakiona kidoa, ndipo husalimia.