Chuma Hakina Akiba

"Hapo hapo," alisema mumewe. "Usipande, usishuke. Hapo."

Mama Akiba alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha mbele cha gari, chaki ya kushonea mkononi, akiunyoosha mstari ambao mumewe alikuwa ameuchora kwenye nguzo ya mlango. Mstari wa mumewe ulipanda na kushuka kama njia ya siafu. Aliweka juu yake rula yake ya mbao, ile ile anayokatia marinda ya sare za shule, akapitisha chaki mara moja, na mstari ukatulia. Katika nyumba ile, tangu mwaka uliopita, kunyoosha kilichopinda bila kusema kitu kulikuwa sehemu ya mapenzi.

Jina la Mama Akiba alipewa na wateja. Hakuna gauni lililotoka mikononi mwake bila kitambaa cha ziada kilichofichwa ndani ya mshono, nusu kidole huku na nusu kidole huku, ili mwenye nguo akinenepa ifumuliwe na kupanuliwa. "Akiba haiozi," alikuwa akisema kila aliposhika mkasi, na wasichana aliowafundisha cherehani walimwigiza kwa sauti ya puani mara tu alipowapa mgongo. Mumewe yeye aliitwa Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote wa mjini walikuwa wakibahatisha tu.

Alikuwa fundi wa bodi za magari. Milango iliyobonyea na bampa zilizokunjamana aliziweka sawa kwa nyundo ndogo na subira kubwa. "Kazi yangu," alipenda kusema, "ni kumsahaulisha mtu kwamba aligonga." Maisha yake yote aliyarudisha magari ya watu jinsi yalivyokuwa. Lakini hili moja la zamani, lililokaa uani chini ya turubai tangu watoto wao wakiwa wadogo, hakutaka kulirudisha lilivyokuwa. Alitaka kulishusha paa.

Enzi za uanagenzi wake aliwahi kuliona gari la namna hiyo likipita taratibu mbele ya karakana. Paa lilikaa chini, madirisha membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Lilipita mara moja tu. Wenzake walikuwa wameinamia kazi, hakuna aliyeliona, na kadiri miaka ilivyokwenda hata yeye alianza kushuku kwamba labda aliliota. Ndiyo sababu alinunua lile la uani: nguzo zake zilisimama wima kama miguu ya meza, kwa hiyo zikifupishwa, paa lingeshuka moja kwa moja na kukaa mahali pake. Alingoja apate nafasi. Kila mwaka nafasi ilikwenda kwa gari la mtu mwingine.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza ulimwaga chai. Halafu ukawa hauoni tundu la ufunguo. Halafu siku moja grinda, ile mashine ya kukatia chuma, ikamponyoka na kuchana mlango wa gari la mteja kutoka kitasa hadi chini. Alifunga karakana siku hiyo hiyo na hakushika tena chombo chochote cha kazi. Kilichomuumiza mkewe ni kwamba hakulalamika hata kidogo. Alikaa barazani akiutazama ule mkono kama mgeni ambaye hakusema ataondoka lini, na maneno yake yakapungua, na kicheko chake kikapungua, mpaka Mama Akiba akaona wazi kwamba mtu wake anaondoka akiwa palepale kwenye kiti. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Ndipo siku moja, akimpima shati, alimwambia, "Baba watoto, lile gari. Wewe nielekeze, nitakata mimi."

"Wewe unakata vitambaa."

"Na wewe siku hizi unakata tamaa. Inua mkono nipime kwapa."

Kiangazi chote Fundi alimfundisha kwenye vipande vya bati chakavu. Alimfundisha kuishika grinda kwa mikono miwili na kuiacha ikate yenyewe, bila kuisukuma. Alimfundisha kuchomelea.

"Usiunganishe mstari mzima kwa mkupuo," alimwambia. "Bati litajikunja kwa joto. Nukta hapa, nukta kule, rudi hapa."

"Si bandi hiyo?"

"Bandi ndiyo nini?"

"Mishono ya kushikiza, kabla ya kushona kwenyewe. Miaka yote hii umelala na fundi cherehani, hujui bandi?"

Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye kutu, lakini mkewe alikibeba hadi jikoni na kukaa nacho mpaka wali ukaungua.

Jirani yao, dereva mstaafu wa malori ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, ndiye aliyekuwa akija kuliwasha lile gari kila wiki ili lisijisahau. Injini ilikuwa nzima ila haikujua adabu. Ilitikisa gari lote, na ukikaa ndani meno yako yaligongana. Siku ya kukata alikuja na glovu zake mapema.

"Shemeji," alimwambia Mama Akiba, "bado hujachelewa kubadili mawazo."

"Nimeshaikata nguzo," alimjibu, akimaanisha ile alama ya kwanza ya grinda nguzoni. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Walikuwa wamekwisha kuchomelea vyuma vya kushikilia ndani ya gari, huku na huku, ili bodi isipanuke paa likiondoka. Mama Akiba akazikata nguzo zote chini ya madirisha, moja baada ya moja, mumewe akiwa kando akisema pole pole, pole pole, kama mtu anayemwongoza ng'ombe kisimani. Kisha watatu hao wakalinyanyua paa. Lilikuwa jepesi kuliko walivyodhani. Kwa kitambo kidogo lilielea kati yao, vumbi la miaka likimwagika kutoka pembeni mwake, na hakuna aliyetaka kulishusha. Wakalilaza juu ya godoro kuukuu, miguu juu, yaani vile vipande vya nguzo vilivyobaki nalo.

Gari lisilo na paa lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilifunguka kama bakuli, na anga lote likaingia. Dereva alikwenda kwake kula. Fundi na mkewe wakakaa kwenye viti vya mbele wakanywa chai, mkewe akimshikia kikombe chake kwa chini kama kawaida yao. Juu yao mawingu yalipita bila haraka, meupe, makubwa, na ukiyatazama sana ilikuwa rahisi kuamini kwamba yametulia na linalokwenda ni gari.

"Tunapita wapi sasa?" aliuliza Mama Akiba.

"Hatujafika," alisema Fundi. Dawa zake zilikuwa za kuleta usingizi. Alilaza kichwa nyuma na kulala kinywa wazi, jani moja la mti wa jirani likamtua kifuani, na mkono wake ukatulia pia, kwa maana akilala yeye nao ulilala.

Kazi iliyobaki ilikuwa kufupisha miguu ya paa kwa vidole vinne. Miguu ya kushoto Fundi alikuwa amekwisha kuipigia mistari. Ya kulia bado. Mama Akiba alimtazama mumewe akikoroma chini ya mawingu, hakuwa na moyo wa kumwamsha. Alikwenda kwenye godoro na rula yake na chaki yake, akaipima ile miguu na kuichora mwenyewe. Mkono wake ulijua kazi. Ulichora kama ulivyochora mabega ya magauni maisha yote, bila kukiuliza kichwa kitu. Kisha akavaa miwani ya kazi na kukata, kushoto kama mumewe alivyochora, kulia kama alivyochora yeye. Fundi aliamka kwa kelele za grinda, akaona cheche zikimwagika kwenye aproni ya mkewe, akatabasamu.

Dereva alirudi, wakalinyanyua paa tena na kulishusha mahali pake.

Upande wa kushoto ulikaa vizuri. Upande wa kulia nao ulikaa, ila juu kidogo, na paa lote likakaa mshazari. Dereva alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Mbona limevaa kofia upande?"

Mama Akiba alikuwa amekwisha kuona. Alijua hata kabla ya kuweka rula. Kila mguu wa upande wa kulia ulizidi kidole kizima: nusu ya upande wa chini wa mshono, nusu ya upande wa juu.

"Nimeacha akiba," alisema.

"Umeacha nini?" aliuliza Dereva.

"Ya kushonea. Niliacha kitambaa cha kushonea." Akakaa chini kwenye ngazi ya baraza na machozi yakamtoka, kwa sababu kiangazi kizima alikuwa akimrudisha mtu wake, hatua kwa hatua, na sasa aliona amemharibia kitu pekee alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Fundi alilizunguka gari. Aligusa upande mmoja kwa kidole, akagusa wa pili. Dereva akaanza kuvua glovu ili aage.

"Chuma hakina akiba, mama watoto," alisema hatimaye. "Chuma hakinenepi."

Dereva akakohoa kuficha kicheko. Lakini Fundi alikuwa bado hajamaliza.

"Ungekata ukapitiliza, hapo tungelia sote. Kilichobaki kinaondoka. Lirudisheni paa godoroni." Paa lilipokwisha kulazwa, akanyoosha mkono wa kulia, ule ule. "Nipe grinda."

Mkono ulikuwa hewani unatetemeka, na yeye hakuuficha.

"Fundi," alisema Dereva, taratibu, "mwachie shemeji. Ameshaizoea."

Mama Akiba alifuta macho kwa aproni. Akimnyima, atakuwa amemwambia kwa kinywa chake lile ambalo mumewe amejiambia mwaka mzima kule barazani. Akimpa, aliuona ule mlango wa mteja, na badala ya bati aliona nyama. Akaiokota grinda, akamwekea mkononi. Kisha akapita nyuma yake, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, na kuweka viganja vyake juu ya mikono yake, kama alivyowafanyia wasichana wapya siku ya kwanza ya cherehani.

"Wewe jua njia," alimwambia kwenye sikio. "Uzito niachie mimi."

Wakaiwasha. Fundi alikijua chuma kama vile mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani, na mkewe alihisi ile elimu ikipita kwenye mikono: hapa polepole, hapa inua, hapa iache. Mkono ulipotaka kuruka, aliushika. Ulipotaka kwenda, aliuachia. Cheche ziliwapita miguuni. Walikwenda mguu hadi mguu wakiwa wamegandana hivyo, wazee wawili wenye miwani ya kazi, na Dereva aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye uzio, maana alihisi anachungulia chumbani kwa watu. Vipande vyembamba vya chuma vikaanguka godoroni. Mama Akiba alivisubiri vipoe, kisha akavitia mfuko wa aproni.

Safari hii paa lilishuka likakaa kama kifuniko kilichopata sufuria yake. Fundi akaelekeza kwa kidole, hapa, kule, rudi hapa, mkewe akapiga bandi yake ya moto kuzunguka gari lote. Kushona kwenyewe kungekuja baadaye. Vioo pia bado, fundi vioo angekuja kuvipunguza.

"Basi liwasheni," alisema Dereva, "tuone kama litakubali kofia yake."

Waliingia kwa kuinama. Ilibidi wateleze chini kwenye viti, na hata hivyo kilemba cha Mama Akiba kiligusa dari. Mbele yao palibaki uwazi mwembamba tu. Kupitia hapo waliona pindo za nguo zilizoanikwa, lango la ua likiwa wazi, na Dereva kutoka magotini hadi kifuani.

"Dereva hana kichwa," alisema Fundi.

"Hajawahi kuwa nacho," alisema mkewe.

Fundi akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika, na gari zima likaanza kutetemeka kama kawaida yake: viti, dari, vile vipande vya chuma mfukoni mwa aproni. Aliweka mkono wa kulia juu ya usukani. Mama Akiba akaweka wake juu ya ule. Alingoja ahisi ni upi unaotetemeka, mkono au gari, akashindwa kujua, na akauacha wake palepale.