Kiungo cha Kwanza cha Kidole

Nanay Pasing, yaani Mama Pasing, aliniita "Mwalimu", na kila alipoita nilisikia kejeli ndani yake. Miezi saba nilikuwa mchumba wa mwanawe, Rodel, na hakuwahi kuniita vingine. Kwa hiyo aliponikabidhi sufuria ya wali wa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, wageni themanini, nilijua napimwa kama nafaa kuingia nyumba ile.

"Ukishausawazisha mchele, tia kidole," alisema. "Maji yafike kiungo cha kwanza. Basi."

"Kidole cha nani, Nanay? Changu au cha Rodel?"

Wanawake waliokuwa wakikata vitunguu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mimi nafundisha aljebra. Ningeanzaje kutumbukiza kidole? Kipimo chao cha kidole nilishakiona, na jana yake nyumbani nilikuwa nimepika vikombe vitatu vya mchele kwa kidole hichohicho, nikayapima maji: vikombe vinne na nusu. Yaani maji ni mara moja na nusu ya mchele, mchele ukizidi mara mbili na maji yazidi mara mbili. Vikombe arobaini vya mchele, sitini vya maji. Nikamimina, nikafunika, nikajisifu moyoni.

Lakini sikutulia. Nilipanga sahani, nikazipangua, nikaenda mlangoni, nikarudi. Kitu kilinikera na sikujua ni nini. Kisha nikakumbuka ninachowaandikia wanafunzi wangu kwa wino mwekundu kila wiki: "Jozi moja ya namba haitoshi. Pima ya pili." Mimi sikupima ya pili.

Nikatafuta sufuria ndogo kama ile ya nyumbani, nikatia mchele vikombe sita, nikaweka kidole, nikajaza maji hadi kiungo, kisha nikayapima. Nilitegemea tisa. Yalikuwa saba na nusu.

Mchele ulizidi mara mbili, maji hayakuzidi mara mbili, kwa sababu yale yanayosimama juu ya mchele ni kimo cha kiungo kimoja tu, mchele uwe kidogo au uwe mwingi. Uwiano wangu haukuwepo kabisa.

Ningeweza kusingizia moto. Nilitamani, sitasema uongo.

"Nanay, nimekosea," nikasema mbele ya wote. "Maji yamezidi sana. Tutawalisha watu uji."

Nanay akafunua sufuria, maji ndiyo kwanza yanaanza kuchemka. Akanipa bakuli, akachukua la kwake, tukachota huku mvuke ukituunguza mikono. Akapima kwa mpini wa mwiko, aliokuwa ameutia alama ya kiungo chake kwa ukucha.

"Ulijua, Nanay?"

"Nina macho."

"Na ukaninyamazia?"

"Nilitaka kuona ukikosea utafanyaje. Mtu wa kunificha uji siwezi kukaa naye jikoni." Akanipa kifuniko. "Funika, mwanangu. Na hiyo miguu itulie sasa."