Baada ya Raundi ya Tatu

Ebenyo hakukaa. Viti vya plastiki vilikuwepo, vitatu, amevipanga mwenyewe upande wa kivuli, lakini tangu mechi ianze saa mbili asubuhi alikuwa wima, mara huku, mara kule, akichungulia simu ambayo haikuwa na la kuchungulia. Wageni wake wawili kutoka Nairobi ndio walioketi. Mmoja wao, Bwana Stephen, alikuwa na daftari magotini. Walikuja Kakuma kutafuta msichana mmoja tu wa kwenda kambi ya timu ya taifa ya besiboli, na asiwe amezidi miaka ishirini. Nakuleu, mdogo wake Ebenyo, anatimiza ishirini na moja mwezi wa kumi na mbili. Kwake hakuna mwakani.

Kilichomtoa Ebenyo jasho ni karatasi aliyoishika Stephen chini ya daftari. Ofisi ya michezo anakofanya kazi iko Lodwar, na mkubwa wake alikuwa amemwambia aandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wageni: wafike saa ngapi, wakae wapi, wabebe nini. Kazi ya nusu saa kwa mtu aliyewahi kwenda kutazama. Ebenyo hakuwahi, hata siku moja. Nakuleu amecheza Kakuma miaka mitatu na kila Jumamosi kaka mtu alikuwa na udhuru. Basi angalau angempigia simu Kon, kocha wao, kijana wa Sudan Kusini asiye na makuu, amuulize mawili matatu. Lakini nani, yeye? Mtu wa ofisi amuulize Kon?

Akaingia kwenye intaneti. Akakuta Wamarekani wanaelezana namna ya kwenda kutazama mechi za mazoezi kabla ya msimu, kule Arizona, akatafsiri neno kwa neno, akafuta Arizona akaandika Kakuma. Fika mapema upate maegesho. Maegesho jamani, uwanja wenyewe ni mchanga na vichaka vya mathenge, hata ngamia anaegesha anapotaka! Mpira ukikuangukia ni wako, nenda nao nyumbani. Na timu nzima ina mipira minne. Hayo yangechekwa yakaisha. Ila aliandika na hili: kocha huanza na wachezaji wake bora, na baada ya raundi ya tatu huwapumzisha akaingiza wanaojifunza, kwa hiyo mwenye safari anaweza kuondoka bila kukosa kitu.

Huko kwao huenda ndivyo. Kakuma maji ya bomba hutoka asubuhi. Wasichana wakubwa wanakuwa kwenye foleni na mitungi mpaka saa tatu na zaidi, kwa hiyo Kon huanza na wadogo, na wale wazito huingia raundi ya nne. Mtaa mzima unalijua hilo. Ebenyo alilijua asubuhi hiyo hiyo, Kon alipomsalimia na kumwambia kwamba dada yake bado yuko bombani, asiwe na wasiwasi, atapiga katika raundi ya nne.

Asiwe na wasiwasi! 

Raundi ya tatu ilikwisha saa tatu na nusu. Stephen akafunga daftari, akasimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali. Ndege yao ilikuwa inaondoka Lodwar saa saba.

"Wale wazuri tumewaona," alisema. "Karatasi yako imetusaidia sana, Ebenyo. Mchezo huu unaujua."

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: hapana, nilinakili, kaeni. Yalimfika mdomoni yakarudi. Tangu jana, njia nzima kutoka Lodwar, Stephen alikuwa akimsifu, naye alipokea sifa ya kwanza, akapokea ya pili, akafika hadi kusema kwamba besiboli anaifuatilia tangu sekondari. Mtu akishasema hivyo, anarudi nyuma na uso gani? Akawaambia wasiondoke na njaa, pale barabarani kwa Ruqiyo kuna chai ya maziwa ya ngamia, dakika kumi tu. Kichwani alishapanga kila kitu. Chai ikiisha, Nakuleu atakuwa uwanjani, naye atawapitisha hapo tena kana kwamba ni bahati.

Sasa Ruqiyo si mtu wa kuharakishwa. Alianza kupepea makaa. Akauliza wageni wanatoka Nairobi sehemu gani, akataja shemeji yake aliyeko huko, ndipo akakumbuka sukari imekwisha na kutuma iletwe. Ebenyo alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Mguu wake ulitikisa meza mpaka yule mwenzake Stephen, mama mmoja wa miwani, akakishika kikombe chake kwa mikono miwili. Kutoka hapo kwa Ruqiyo uwanja hauonekani, mathenge imeziba. Zilisikika kelele tu, na kila kelele ilimshtua moyo. Hatimaye akasema anakwenda kuangalia kitu mara moja, akatoka mbio.

Alimkuta Nakuleu ameshashika gongo, sketi bado ina maji ya mtungi. Aliyemrushia alikuwa Nyanut, msichana mrefu ambaye mipira yake inaogopwa na wavulana. Wa kwanza ukampita Nakuleu. Wa pili ukampita. Wa tatu ulipokuja Ebenyo alisikia mlio, akainua macho, na mpira ulikuwa juu ya vichwa vya watu wote, ukavuka mathenge, ukaenda kuangukia kwenye laga, ule mto mkavu ambako hakuna aliyewahi kufikisha mpira. Nakuleu akakimbia vituo vyote vinne hadi akarudi alipoanzia, mkono mmoja kichwani kama asiyeamini. Wanawake wenye mitungi walipiga vigelegele. Ebenyo alijivunia mpaka ikamuuma.

Akageuka mbio. Wageni walikuwa wameshaingia garini, injini inanguruma, Ruqiyo anawapungia. Stephen alishusha kioo, akamwambia kwamba walidhani amewatoroka, kisha akauliza kama kuna kitu wamesahau. Ebenyo alishika mlango kwa mikono yote miwili, pumzi hana. Daftari lilikuwa mapajani mwa Stephen, pale pale, angeweza kuligusa.

"Hapana," alisema. "Safari njema. Mimi nabaki kukusanya viti."

Mtu mzima huyo, anabaki kwa ajili ya viti vitatu. Gari likaondoka na vumbi lake.

Mechi ilipokwisha Nakuleu alimjia akikimbia, amejaa mchanga hadi kwenye kope. Hakungoja hata wasalimiane ejok. Alisema alivitazama viti akaona ni vitupu, roho ikamtoka. Ebenyo akamwambia wageni walihamia kivulini kwa Ruqiyo, kutoka pale walikuwa wanaona vizuri. Nakuleu akauliza na ule wa kwenye laga, nao waliuona? Na huo, Ebenyo alisema. Nakuleu alichuchumaa palepale, akajifunika uso, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Kisha akampigia simu mama yao, huko Kerio, akaweka sauti ya juu. Alimweleza yote kwa mkupuo, mpira, laga, wageni walioona. Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na nyuma yake majirani wakadakia. Akaomba apewe Ebenyo. Nakuleu akamsogezea simu mdomoni, maana mikono yake Ebenyo ilikuwa na viti.

"Na wewe, Ebenyo," mama aliuliza, "ulimwona mtoto wangu?"

"Nilimwona, mama."

Angeishia hapo. Mama alikuwa ameshatosheka, siku ilikuwa nzuri kwa kila mtu.

"Nilimwona mimi peke yangu," alisema. "Wageni hawakuwepo. Niliwaondoa mimi."

Huko Kerio vigelegele vilikuwa bado vinaendelea, na mama akapaza sauti kwamba hasikii, arudie. Nakuleu alikuwa amesikia. Hakuondoa simu. Aliendelea kumshikia pale pale karibu na mdomo, akimtazama.

"Rudia," alimwambia. "Mama hajasikia."